Ndege Imefutwa, Watoto Wameshavaa Viatu: Je, Tuwashe Gari Usiku Huu?

*"Mwalimu, shikamoo. Naishi Mtwara mjini na mume wangu na watoto wawili, mmoja ana miaka 7, mwingine 2. Tulikata tiketi za ndege kwenda Dar es Salaam Ijumaa jioni, ili Jumamosi tuvuke Zanzibar. Saa 9 alasiri ikaingia meseji kwamba safari imefutwa. Watoto walikuwa wameshavaa viatu. Mume wangu alikuwa ametoka zamu ya usiku asubuhi ile na kulala masaa matatu tu. Akasema tujipakie kwenye Noah yetu, tuondoke saa 3 usiku, alfajiri tungekuwa Dar. Kwa maneno yake, usiku barabara ni nyeupe, tochi za trafiki hakuna na tairi hazipati moto. Fundi wetu naye alishamwambia kwamba kwa safari ndefu apunguze upepo ili tairi zisipasuke. Nikakataa. Tulikaa ndani siku mbili tumenuniana, na mpaka leo naambiwa niliwaharibia watoto. Gari lenyewe ni la kazini, shuleni na sokoni tu, na tairi zake tulinunua mtumba. Halafu mume wangu anakoroma sana, husinzia hata akiangalia mpira. Mtoto mkubwa hutapika garini. Je, nilikosea? Na ikitokea tena, hatuwezi kabisa kuamua papo hapo tukaenda mahali?"*

Marahaba, dada yangu. Hukukosea. Nakuomba tu jibu hili usilipeleke kwa shemeji kama hukumu ya mahakama. Mtu aliyetoka kazini usiku, akalala kidogo, akaona wanawe wanalia na viatu miguuni, akataka kuokoa wikiendi yao, huyo ana moyo mzuri. Kilichokosekana ni mahesabu.

Nimeendesha malori barabara ya kusini tangu Rufiji tunaivuka kwa pantoni pale Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Baadaye nikageukia kufundisha udereva, na ugomvi kama wenu nimeusikia kwenye nyumba nyingi. Karibu kila mara wawili hubishana swali moja tu: twende au tusiende? La pili haliulizwi na mtu: twende umbali gani? Mlipopoteza ndege mlipoteza pia maandalizi, maana dereva hakulala kwa ajili ya safari na gari halikukaguliwa. Lakini kilomita zilibaki zilezile. Mtwara hadi Dar ni kilomita 560 hivi. Safari ya ghafla ya kilomita 100 ni jambo la kawaida kabisa. Safari ya ghafla ya kilomita 560 usiku, na dereva wa masaa matatu ya usingizi, siwezi kuibariki hata kama gari ni jipya.

Nianze na usingizi, maana ndio ulikuwa hatari kubwa kuliko tairi.

Watu wengi wanaamini usingizi ni suala la ukakamavu, kwamba mwanaume akijikaza atafika. Mwili hauko hivyo. Kadiri unavyokaa macho ndivyo deni linavyokua kichwani, na ubongo ukichoka kudai huchukua wenyewe bila kukuuliza. Unazimika sekunde mbili, tatu, nne, pengine macho yakiwa wazi kabisa, na ukizinduka hujui kama ulizimika. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Sekunde tatu ni mita 66, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira, na usukani hauna mtu. Watafiti waliolinganisha uchovu na pombe walikuta kwamba aliyekaa macho saa 17 mfululizo huendesha vibaya kiasi cha mtu aliyekwisha kunywa. Shemeji alikuwa macho usiku kucha kazini, akalala kidogo, akaamka. Kama mngeondoka saa 3 usiku, kati ya saa 8 na saa 11 alfajiri angekuwa bado barabarani, na hiyo ndiyo saa ambayo mwili wa kila binadamu unashuka kabisa hata kama alilala mchana.

Yamenikuta mimi mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa narudi kutoka Dar na mzigo, nimelala kidogo kwa sababu nilitaka kuwahi sikukuu nyumbani. Nilipita Nangurukuru nikiwa naimba ili nisisinzie, vioo nimeshusha, upepo unanipiga usoni. Kilichoniamsha ni mlio wa mawe chini ya gari. Tairi za kushoto zilikuwa zimeshatoka kwenye lami. Mbele yangu, hatua chache, palikuwa na baiskeli imeegemezwa kwenye mti na mtu amekaa chini yake akisubiri kukuche. Nilisimamisha gari, nikashuka, miguu ikakataa kunibeba. Yule mzee alinipa maji kwenye kopo, hakuniuliza kitu. Tangu siku ile sijaamini tena kuimba, kushusha vioo, kujimwagia maji wala kutafuna mirungi kama dawa ya usingizi. Vyote hivyo vinakufanya ujione uko macho wakati deni liko palepale. Kinachosaidia kidogo ni kuegesha mahali salama penye watu, kunywa kahawa kikombe kimoja na kulala dakika 15 hadi 20 hapohapo. Kahawa huanza kufanya kazi wakati unaamka. Nayo inakununulia saa moja au mbili tu za kutafuta mahali pa kulala. Haitakufikisha Dar.

Na hapa, dada yangu, kuna jambo uliloliandika kwa kupitia tu ambalo mimi limenishtua kuliko mengine. Mume anayekoroma sana na kusinzia mbele ya mpira, hata siku ambazo alilala, huenda hapumziki usingizini. Wapo watu ambao koo hujifunga wakiwa wamelala, pumzi inakatika kidogo, ubongo unawashtua, wanavuta hewa, na hali hiyo inajirudia usiku kucha bila wao kujua. Asubuhi wanaamka wamechoka kama hawakulala. Msikilize usiku mmoja. Kama mkoromo unakatika ghafla, kimya, halafu anavuta pumzi kwa nguvu kama mtu anayeibuka majini, mpeleke kwa daktari, iwe Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na mweleze daktari hivyo hivyo ulivyoona. Apimwe na presha, maana mara nyingi vinakwenda pamoja. Zamu za usiku peke yake nazo zinaweza kuleta hali hiyo, ndiyo maana anayestahili kuamua ni daktari aliyemwona, wala si mimi ninayesoma barua. Mpaka aonwe, masafa marefu asiendeshe peke yake.

Hoja zake tatu nazo zina ukweli ndani yake, nisimvunjie heshima. Ni kweli usiku magari ni machache. Ni kweli lami imepoa. Hata hivyo, taa za chini za gari la kawaida zinakuonyesha mita 40 hadi 60 mbele, na gari la kilomita 80 kwa saa linahitaji mita 60 na zaidi kusimama, ukihesabu na muda wa wewe kushtuka. Maana yake, kitu ukikiona umeshachelewa. Na vitu vyenyewe kwenye barabara yetu mnavijua: baiskeli zisizo na taa, mbuzi waliolala kwenye lami kwa sababu ina joto, lori lililoharibika na kuachwa likiwa na matawi ya miti tu nyuma yake kama alama. Mchana matawi yale unayaona kwa mbali. Usiku unayaona ukiwa juu yake. Msimu wa korosho malori huongezeka, na hayo mabovu ya njiani huongezeka nayo. Kuhusu tochi za trafiki, anayezikwepa kwa kusafiri usiku anaokoa faini na kuweka rehani kitu ambacho hakina bei.

Sasa tairi. Hapa nitakaa, kwa sababu ushauri wa fundi wenu nausikia kila wiki, na ni ushauri unaoua.

Watu hufikiri hivi: jua kali hupasha hewa ndani ya tairi, hewa inatanuka, tairi linajaa, linapasuka kama puto. Kwa hiyo toa upepo kidogo ili hewa ipate nafasi. Inasikika kama akili. Hata hivyo tairi la gari halipasuki kama puto. Hewa kweli inatanuka, na baada ya mwendo wa saa moja kipimo hupanda pointi nne, tano hivi juu ya kile cha asubuhi. Waliotengeneza gari walijua hilo, na namba iliyoandikwa kwenye kibandiko kando ya mlango wa dereva imeshahesabu ongezeko hilo. Kinachopasua tairi ni joto linalozaliwa ndani ya mpira wenyewe.

Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua haraka mara ishirini, kisha gusa pale panapokunjika. Pana moto, na ukiendelea waya unakatika. Tairi lenye upepo pungufu linafanya hivyo hivyo: kila linapogusa chini ubavu wake unabonyea, ukiinuka unanyooka. Gurudumu la Noah huzunguka kama mara 500 kwa kila kilomita. Kutoka Mtwara hadi Lindi tu ni kukunjwa na kukunjuliwa zaidi ya mara 50,000. Mpira unachemka, nyuzi za ndani zinaachana na mpira, kunakuwa na kidonda usichokiona, na siku hiyo gari likiwa limejaa watu na mabegi, kwenye mwendo, linaachia. Watu wakishuka wanasema "ni joto la jua". Joto lilikuwepo, lakini wamelitengeneza wenyewe kwa kutoa upepo.

Basi kipimo ni hiki: soma kibandiko, jaza kama kinavyosema, na kama mnabeba watu wengi na mizigo fuata ile namba ya juu ya gari lililopakia. Pima asubuhi kabla gari halijatembea au likiwa limetembea kilomita moja mbili tu. Ukisimama Mnazi Mmoja, pale njia panda ya Lindi na Masasi, ukakuta namba imepanda, usiguse. Ukitoa pale tairi likiwa la moto, likipoa litakuwa pungufu.

Kuna mahali pamoja tu ambapo kupunguza upepo ni sahihi, nao ni mchangani. Tairi laini linalala kwenye mchanga kama wayo wa ngamia, halizami. Ndiyo maana wenyeji wa Msimbati, kule ufukweni, hufanya hivyo. Lakini hufanya polepole, kwa mwendo wa kutembea, na hujaza tena kabla ya kurudi barabarani. Nadhani ushauri wa fundi wenu ulizaliwa huko ukapotea njia.

Kuhusu mtumba: sisemi kila tairi la mtumba ni bovu, kwa sababu najua bei ya jipya na najua mishahara. Nasema lisome. Ubavuni, baada ya herufi DOT, tafuta tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo. Mafuta yake hukauka, unapata nyufa nyembamba kama za udongo wa jaruba wakati wa kiangazi. Kampuni nyingi za magari hushauri tairi libadilishwe likifikisha miaka 6, na watengenezaji wa tairi wenyewe wanaweka kikomo cha 10 hata kama kashata, yaani meno ya tairi, bado zimesimama. Lenu likiwa na miaka 8, nendeni nalo sokoni kwa sasa kama hamna uwezo, kwa mwendo mdogo, lakini msilibebeshe familia kwenda Kilwa. Na spea mwisome vilevile. Nimeona spea zinazong'aa zenye umri wa kumwona mtoto akimaliza shule ya msingi.

Injini nitapita haraka. Gari la mjini huficha ugonjwa wa rejeta, kwa sababu halijawahi kukimbia saa nzima bila kusimama. Mkiwa mnaongeza maji ya kisima, ambayo huku kwetu pwani mara nyingi yana chumvi, njia za ndani huziba kidogo kidogo. Gari likichemsha njiani, egesha, zima, ngoja kitambo. Usifungue mfuniko wa rejeta kabla ya nusu saa na zaidi kupita. Maji yaliyobanwa mle yanaweza kuvuka nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu ya mgandamizo. Ukifungua, mgandamizo unaondoka, yote yanageuka mvuke kwa pigo moja usoni mwako. Na fundi akikwambia dawa ya kuchemsha ni kung'oa thamostati, tafuta fundi mwingine. Huyo ameondoa kipimajoto ili asione homa.

Kijana wa miaka 7 anayetapika hana tatizo la tumbo. Sikio la ndani linahisi gari linakata kona, macho yameinamia simu au mgongo wa kiti yanaripoti kwamba kila kitu kimetulia, ubongo unapata taarifa mbili zinazogombana, na matokeo ni kichefuchefu. Umri wake ndio umri wa hali hiyo, wengi huiacha wakikua. Mkalishe katikati kwa nyuma kama kuna mkanda mzuri, ili aone barabara mbele kupitia kioo. Asishike simu. Wazazi wengi humnyima chakula ili asitapike; tumbo tupu huzidisha. Mpe kitu kikavu na chepesi, mkate au muhogo wa kuchemsha, na maji kidogo kidogo. Chai ya maziwa na maandazi ya mafuta vingoje kufika. Dawa za kichefuchefu muulize mfamasia kwa uzito na umri wake, wala usimgawie ya mtu mzima.

Mdogo wa miaka 2 asipakatwe. Najua inauma kusikia, kwa sababu kifua cha mama ndicho mahali salama pa kila kitu kingine. Gari likisimama kwa kugonga kwenye mwendo wa 50, mtoto wa kilo 12 anavutwa mbele kwa nguvu inayoweza kufika mara ishirini ya uzito wake. Hakuna mikono ya mama inayoshika zaidi ya kilo 200. Kiti cha mtoto cha mtumba kinapatikana kwa bei ndogo kuliko tiketi mliyoikosa, mradi mikanda yake iwe mizima na kisiwe kimewahi kupata ajali.

Haya, tuje kwenye raha, maana ndiyo uliyouliza. Kama ningekuwa shemeji siku ile, ningefanya hivi: Ijumaa jioni ningekula, ningewaahidi watoto, ningelala saa 2 usiku. Jumamosi saa 12 asubuhi tairi zinapimwa zikiwa baridi, saa 1 tunaondoka. Kwa wapi?

Kwa gari msilolijua vizuri kwenye masafa, kama hilo, ningeanzia karibu. Mikindani ni kilomita 10 tu, na watu wa Mtwara tunaipita kila siku bila kushuka. Kijana wako mwoneshe Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895, mtembeze vichochoro vya zamani, mwambie Livingstone alianzia hapo mwaka 1866 safari yake ya mwisho ya bara. Asubuhi imeisha bila kuchoma hata lita mbili za mafuta. Mchana mnaweza kwenda Msimbati, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Mtalipa kiingilio, na mtapata bahari ambayo watu wanapanda ndege kuifuata kwingine.

Msimbati ina sharti moja: jueni maji. Kwetu bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu ni bamvua, jua na mwezi vinavuta kwa mstari mmoja, maji yanakwenda mbali sana yakipwa na yanakuja juu sana yakijaa. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Mgeni huja saa ya kupwa, anaona mchanga mgumu mpana, anaegesha hapo, anakwenda kuogelea. Bamvua ikirudi hairudi kwa haraka ya kutisha, inarudi kimya, na gari la magurudumu mawili yanayovuta kama lenu likishalowa chini halitoki. Muulize mvuvi yeyote, "leo maji yanajaa saa ngapi?" Atakujibu bila kufikiri. Gari liache juu, penye majani, na mtembee kwa miguu. Watoto waogelee nanyi karibu na ufukwe. Ile bahari ina sehemu inashuka kina ghafla.

Lindi ndiyo ningeichagua kwa kulala usiku mmoja. Kilomita 100 na kidogo, saa mbili za mwendo wa adabu, mnapinda kulia Mnazi Mmoja badala ya kushika njia ya Masasi. Ghuba yake ni tulivu, mnaweza kuvuka maji kwenda Kitunda na watoto wakapata ile safari ya chombo waliyoililia. Jioni pweza na samaki, na msimu ukiwepo tafuteni ming'oko, vile viazi vya porini. Mtoto wa miaka 7 atapenda kusikia kwamba kilima cha Tendaguru, kaskazini magharibi mwa mji huo, kilichimbwa na Wajerumani kuanzia 1909 hadi 1913, na mifupa ya mijusi wakubwa wa kale ikabebwa na wapagazi, babu zetu, mabegani, siku kadhaa za mguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja amesimama leo kwenye makumbusho ya Berlin, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kutoka chini hadi kichwani. Kilimani kwenyewe msijaribu kwa Noah, njia inataka gari la juu na mwenyeji wa kuwaongoza. Simulizi inatosha, mkiwa mmekaa pale ufukweni mnapotazama maji yaliyoibeba ile mifupa.

Kilwa naipenda kuliko zote, na ndiyo nitakayokukataza kwa wikiendi ya siku mbili. Ni karibu kilomita 300 hadi Kilwa Masoko. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na jumba la Husuni Kubwa, mji ambao Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, aliufikia mwaka 1331, haustahili kutazamwa na watu wanaoangalia saa. Kuna kibali cha kuchukua Masoko kabla ya kuvuka, kuna kusubiri chombo, kuna jua. Mkienda Jumamosi na kurudi Jumapili, mtajikuta mnarudi giza linaingia na dereva amechoka, yaani mmerudi kwenye hatari ileile mliyoikwepa Ijumaa. Jumatatu ikiwa sikukuu, nendeni, hata kesho. Vinginevyo mgawanye: Ijumaa mchana hadi Lindi kama shemeji amelala vizuri, Jumamosi mapema Kilwa, Jumapili mwondoke saa 5 asubuhi.

Newala, kwa wale wanaopenda mwinuko na upepo wa baridi, pale Shimo la Mungu unaona bonde lote la Ruvuma. Njia ya Nanyamba na Tandahimba imekuwa kwenye ujenzi wa lami kipande kwa kipande, hivyo piga simu kwa mtu aliyepita wiki hiyo.

Msimu nao usipuuzwe. Kuanzia Desemba hadi Aprili, hata Mei, mvua zetu hazina mzaha. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu sehemu kadhaa wilayani Kilwa, na abiria walikaa njiani siku kadhaa. Mkikuta maji yanakatiza juu ya lami, geuzeni. Maji yanayofika katikati ya gurudumu yana nguvu ya kusukuma gari dogo, na lami iliyo chini yake huenda imeshachukuliwa. Basi kubwa likipita mbele yenu halijathibitisha chochote kwa Noah.

Beba spea iliyojazwa, jeki, spana ya magurudumu iliyojaribiwa kwenye nati za gari hilohilo, pembetatu mbili, mtungi wa kuzimia moto, maji lita kumi ya kunywa na ya gari, na fedha taslimu, maana mtandao hukatika njiani. Polisi ni 112, zimamoto 114. Kitu kimoja watu husahau: mwambie ndugu mmoja mnakokwenda na saa mtakayofika.

Hela ya tiketi msiiache. Hifadhi meseji ya kufutwa, andika kudai kurudishiwa au kupangiwa siku nyingine, kwa maandishi, na ukizungushwa kuna baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga linalopokea malalamiko. Hiyo hela ndiyo itanunua tairi mbili.

Mwisho wa barua yako uliuliza kama hamuwezi "kabisa". Mnaweza, na mwakani mtaweza zaidi. Leteni gari kwa fundi mnayemwamini, ama kwangu, siku yoyote ambayo hakuna safari, mkiwa hamna haraka. Aangalie tairi tano, pedi za breki, rejeta na mkanda wa feni, aandike kwenye karatasi. Karatasi hiyo ibaki kwenye droo ya gari, pamoja na orodha fupi ya sehemu tatu ambazo shemeji na wewe mmekubaliana: moja ya nusu siku, moja ya kulala usiku mmoja, moja ya siku tatu. Mwache yeye achague ya kwanza. Na uje naye saa 1 asubuhi, kabla lami haijapata moto, nimwoneshe ule waya.